Ophelia hana somo

Mara ya kwanza nilipomwona Ophelia, yule binti wa tamthilia ya Shakespeare iitwayo Hamlet, akirukwa na akili nilikuwa nimesimama kwenye mvua, kando ya mto Thames, ndani ya ukumbi wa Globe, kwa tiketi ya paundi 5. Ukumbi huo ulifunguliwa 1997 kwa mfano wa ule wa zamani wa Shakespeare, na sisi wa tiketi za chini husimama katikati bila paa. Nilikuwa karibu na jukwaa kiasi cha kuona vumbi kwenye nyayo za yule dada. Aliingia na majani mkononi akawa anagawa: hili la kukumbukia, hili la kuwazia, na yale mengine, akasema, yalinyauka yote siku aliyokufa baba yake. Akaimba nyimbo ambazo binti wa nyumba ile hakutakiwa hata kuzijua. Kila mara anawarudia Mfalme na Malkia kwa neno lile lile: tafadhalini, sikilizeni. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba kapendeza, masikini. Mimi mawazo yalishakwenda Ng'ambo, Unguja, uwanjani kwa shangazi, nina miaka 11, nimejibanza nyuma ya mlango.

Shangazi yangu alikuwa mke wa kwanza. Mumewe alipooa wa pili hakusema kitu, kwa sababu alivyofunzwa yeye, mke hasemi. Kwanza aliacha kula, kisha akaacha kulala, akawa anatoka usiku wa manane na kanga moja kufagia uwanja. Majirani wakaanza kuulizana mbona hapelekwi Kidongo Chekundu. (Kwa wasio wa Unguja, ndiko iliko hospitali yetu ya wagonjwa wa akili, na mtaani jina hilo ni tusi tosha.) Bibi akakataa. Akaitwa fundi wa masheitani, ukafukizwa ubani na udi, shangazi akafunikwa shuka nyeupe, ngoma ikalia mpaka karibu na alfajiri. Sheitani alipopanda, sauti ya shangazi ikawa nzito ya kiume, na maneno yakatoka ambayo sijayasahau: “Kiti changu kinalala na njaa, na wewe unajenga Fuoni.” (Kiti ni yule aliyepandwa na sheitani, na Fuoni ni pembeni ya mji.) Fundi akamuuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni wa heshima: unataka nini? Akataja. Pete ya fedha, doti mbili za kanga, na zamu za kiti chake zihesabiwe sawa. Mumewe, mtu ambaye nyumba nzima hakuna aliyethubutu kumkatiza neno, alikaa mkekani kainamisha kichwa, akajibu: nimesikia.

Sheitani akashuka. Shangazi akapewa maji, akauliza kwa nini kanga yake imerowa.

Sitaki kubishana hapa kama masheitani wapo au hawapo. Nataka kuweka ile ngoma kando ya mchezo niliouona Globe, maana yote mawili ni maonyesho mbele ya watu, na katika yote mawili mwanamke anapata kusema pale tu anapohesabiwa kwamba hayupo.

Angalia mambo yalivyogawanywa katika Hamlet. Hamlet, mwana wa mfalme aliyempenda Ophelia, kafiwa na baba. Ophelia naye kafiwa na baba, tena aliyemuua ni huyo huyo Hamlet. Lakini wazimu wa Hamlet yeye mwenyewe anatangaza mapema kwamba ataujifanya, na mara kwa mara anaachiwa jukwaa peke yake apime kuishi na kufa. Anaposema Denmark ni jela, tunaelewa kuwa anazungumzia dola. Ophelia, akidhani kijana kachanganyikiwa kweli, analia kwamba akili tukufu imeporomoka: jicho, ulimi, upanga, vyote vimekwisha. Zamu yake inapofika, kaka yake Laertes anamwita waridi la Mei, kisha anasema kwamba huzuni, mateso, hata Jahannamu yenyewe, dada yake huvigeuza vikawa vya kupendeza. Binti anaungua mbele ya macho yake, na yeye anaona pambo.

Tukumbuke pia kwamba mchezo ule ulipoandikwa, karibu na 1600, Ophelia aliigizwa na mvulana. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye majukwaa ya London mpaka 1660. Kwa hiyo huyo mwanamke mwenye wazimu ambaye dunia nzima imemwiga, na ile miguu mitupu na maua, kaandikwa na mwanamume, kachezwa na kijana wa kiume, na wanawake walikuja kumrithi akiwa tayari ameshakatwa na kushonwa.

Wala nisidai kuwa vitabuni mwetu kuna tofauti kubwa. Shuleni tulisoma Mashetani ya Ebrahim Hussein, ya 1971. Kitaru anaugua akili, na mwalimu alitueleza wiki nzima kwamba ugonjwa ule ni historia, ni ukoloni, ni tabaka. Ni kweli, na naupenda mchezo ule mpaka leo. Ila hakuna siku tuliyoelezwa kwamba wazimu wa mwanamke nao unaweza kuwa historia. Kwenye filamu zetu za nyumbani mwanamke kichaa ana nywele timtim na mdoli kifuani, na sababu unaijua kabla hujaambiwa: kaachwa, au kalogwa na mke mwenza. Kichaa wa kiume anapita sokoni na mifuko yake, anaropoka ukweli ambao wakubwa hawataki kuusikia. Mwanamume akirukwa na akili tunauliza nchi ina nini. Mwanamke tunamuuliza nani kamwacha. Hata yule Majnuni wa Leila, aliyepata wazimu wa mapenzi kabisa, mashairi yake yamekaririwa karne kwa karne, na Leila kaozeshwa mtu mwengine akakaa ndani kimya.

Hapa London nimefanya ukalimani hospitalini miaka 6. Siri za watu nimeziacha huko huko, nitasema la kazi yenyewe tu. Daktari huuliza: unasikia sauti? Mama wa kwetu akijibu, “Nina mtu kichwani,” mimi ndiye wa kutafuta neno, na kila neno la Kiingereza nililonalo linamkaba. Nikisema sheitani, anaandikwa mtu wa imani za ajabu. Nikisema sauti, anaandikiwa vidonge. Dawa sizipingi, nimeona mama waliorudi kwa watoto wao kwa sababu ya dawa. Kinachoniuma ni kwamba mara chache sana nimesikia likiulizwa swali la fundi: huyo mtu anataka nini?

Wanaume wetu weusi mtego wao ni mwengine. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba hapa England watu weusi huzuiliwa chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 kwa kiwango kinachozidi mara 3 kile cha wazungu. Nikimwona Othello, yule jemadari mweusi wa mchezo mwengine wa Shakespeare, akianguka kifafa jukwaani, kisha mgeni wa Venice anauliza kama akili zake ziko salama, siwezi kuangalia kama mchezo wa zamani.

Kutazama ndiko mji huu ulikojifunza vizuri. Hospitali ya Bethlem, ya wagonjwa wa akili, iliyoanzishwa 1247, watu wa mjini waliingia kuangalia wagonjwa kama maonyesho mpaka 1770. Na pale Tate Britain, jumba la sanaa, kuna picha ya Ophelia majini, ya John Everett Millais, aliyoichora 1851 na 1852. Aliyelala badala ya Ophelia ni Elizabeth Siddal, ndani ya hodhi la kuogea lililojaa maji, na chini yake taa za kuyapasha moto. Siku moja taa zikazima. Mchoraji hakuona, kashughulika na picha. Siddal hakusema. Aliugua, na baba yake akadai gharama za daktari. Kila nikisimama mbele ya picha ile naangalia mikono yake, iliyofunguka juu ya maji kama ya mtu anayeomba dua, na nasikia baridi mimi.

Kwetu swali linaulizwa, lakini jibu hunyang'anywa. Miezi baada ya ngoma, shangazi alipodai zamu zake akiwa na akili zake timamu, kwa sauti yake mwenyewe, alijibiwa: yale alisema sheitani, hukusema wewe. Hapo ndipo nataka waandishi wetu wa tamthilia waanzie. Mwandikieni mwanamke huyo. Mwacheni jukwaani peke yake na maneno yake, ngoma ikiwa imenyamaza, na mumewe akiwa bado pale mkekani.

Mwezi uliopita nilimsimulia shangazi hadithi yote ya Ophelia kwa simu. Alinisikiliza mpaka nilipofika baba na kaka wanamkataza binti asizungumze na Hamlet, akanikatiza.

“Mama yake yuko wapi?”

Nikamwambia mchezoni hayumo.

“Shangazi yake?”

Hayumo.

“Somo?” (Kwetu ni mwanamke mzima anayemfunza binti mambo ya kikubwa.)

“Huko hakuna somo, shangazi.”

“Mtoto wa kike kafunzwa na wanaume watupu,” akasema. “Haya, endelea.”

Nikaendelea. Mfalme kaamuru afuatwe kwa karibu, achungwe vizuri. Kisha mto, tawi lililokatika, nguo zikatanda juu ya maji zikamwelesha, naye anaimba vipande vya nyimbo za zamani, mpaka nguo zikalewa maji zikamvuta chini. Yote hayo anayasimulia Malkia.

Shangazi akanyamaza kidogo.

“Kajuaje kama aliimba?”

Nikasema labda alikuwepo, au kaambiwa na aliyekuwepo.

“Basi palikuwa na mtu ukingoni.”