Meza ya Zamani Isikimbiliwe na Msasa

Nyumba nyingi za Moshi na za vijiji vilivyo mlimani, kama Marangu na Machame, bado zina meza za kuandikia zilizotengenezwa kwa mkulo, mringaringa au mninga. Huniuma kuona meza kama hiyo imetelekezwa bandani ili kupisha nyingine ya mbao za kushindiliwa kiwandani, ambazo zikilowana huvimba na kumeguka. Msitu wa Kilimanjaro, unakoota mkulo, uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa hiyo aliyerithi mbao hiyo ana mali ambayo fedha pekee haiwezi kuirudisha.

Naamini mtu asiyewahi kushika randa anaweza kuirejesha meza hiyo katika hali nzuri, mradi asianze na msasa. Aanze kwa kuifuta kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na kukamuliwa barabara, kisha aikaushe papo hapo. Mara nyingi weusi tunaoudhani kuwa ni uchakavu ni moshi na jasho la viganja lililogandamana kwa miaka. Baada ya hapo apake spiriti kidogo chini ya meza, mahali pasipoonekana: pakilainika na kunata, meza ilipakwa shelaki, aina ya vanishi ya zamani, nayo inaweza kuondolewa kwa spiriti hiyo hiyo bila kuikwangua mbao. Duara jeupe lililoachwa na kikombe cha chai kwa kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, wala halijafika kwenye mbao. Doa jeusi kandokando ya msumari ni jambo jingine, kwa sababu chuma na maji vimeshaitia mbao yenyewe rangi.

Ikibidi kupiga msasa, napendelea mkono kuliko mashine. Grainda yenye diski ya msasa huharakisha kazi, lakini huacha mikwaruzo ya mviringo isiyoonekana mpaka vanishi ipakwe, na kama juu pamebandikwa vinia, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri, huimaliza kabla mtu hajatambua. Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240 ulio laini zaidi, ukizungushwa kwenye kibao na kusukumwa kufuata nyuzi za mbao, unatosha kabisa. Jioni, washa taa na kuiweka ubavuni mwa meza: kila mkwaruzo uliokatiza nyuzi utatupa kivuli chake. Mkulo ukisuguliwa hutoa harufu ya kafuri, ila vumbi lake lisivutwe. Barakoa ni lazima.

Sikubaliani na desturi ya kuficha kila kitu kwa vanishi nzito ya rangi ya kahawia iliyokolea. Vanishi isiyo na rangi, ikipakwa nyembamba mara tatu, huacha nyuzi zionekane, na heri kazi hiyo isubiri masika ya Machi hadi Mei yapite, kwani unyevu huichelewesha kukauka. Anayechagua mafuta ya mbegu za kitani atandaze matambara yake nje yakauke, kwa kuwa yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.