Ajali Haina Saa za Ofisi

Juzi bodaboda ilimlaza kijana wa jirani hapa Malindi, usukani ukamdunga tumboni. Nje hata mkwaruzo hana, ila kajikunja, jasho jembamba linamtoka. Hospitalini tukakuta karatasi mlangoni: altrasaundi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja. Ilikuwa Jumamosi usiku. Basi wengu ukitaka kupasuka, usubiri Jumatatu.

"Mashine ile ni ya kina mama wajawazito, kaka," muuguzi akanieleza kwa upole. Hapo nikapandwa na mori. Mashine hiyohiyo ndiyo humwambia daktari wa dharura kama tumboni mna damu. Huangaliwa sehemu nne tu: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya wengu na figo ya kushoto, kandokando ya kibofu, na kuuzunguka moyo. Damu iliyovuja huonekana nyeusi kwenye skrini, pasipostahili weusi. Dakika tano hazifiki, mionzi hakuna, wala mgonjwa hatoki kitandani. Presha ikiwa inashuka na weusi upo, kinachofuata ni chumba cha upasuaji, si mjadala.

Sisi tukaambiwa tumpeleke Mombasa akapigwe CT, ile eksirei kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Kilomita 120 hivi, usiku, matuta juu ya matuta! Ndugu zetu wa Lamu ndio kabisa, boti kwanza hadi Mokowe, ndipo barabara ianze. Rufaa sikatai. Lakini ukijua anavuja, unapiga simu mbele, damu inatafutwa, daktari wa upasuaji anaamshwa. Usipojua, unampakia tu kwenye ambulensi na dua.

Haya, altrasaundi haioni kila kitu. Utumbo uliotoboka huweza kuipita, na damu ikiwa bado kidogo vilevile. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, na aliyeonekana safi huendelea kuchungwa. CT huona zaidi, nimekubali. Ila CT ya Mombasa itamfaa nini anayezimia Malindi?

Wa kwetu kapona, alhamdulillahi, ilikuwa misuli. Mamake alikesha bila kujua hilo.

Na msinitajie pesa. Siku hizi vipo vifaa vya mkononi vinavyochomekwa kwenye simu, bei yake haikaribii gari moja la kigogo. Afisa wa kliniki wa zamu afundishwe sehemu zile nne, asimamiwe hadi mkono uzoee, kisha apewe ufunguo. Au dirisha la malipo linahofia mtu atapimwa bila risiti?