Hasi 60 Huku Mabatini

Nimepanga Mabatini, Mwanza. Jina lenyewe lilitosha kunizindua, lakini mtu akishaamua kuwa na studio nyumbani haambiliki.

Kazi ni kusoma riwaya, watu wasikilize kwenye simu wakiwa ndani ya daladala. Nikasema, kusoma tu? Mimi niliyesoma risala mbele ya mgeni rasmi? Maiki nilinunua ya mtumba, kompyuta ninayo, programu ya kurekodia, Audacity, ni ya bure. Kichujio cha kuzuia zile "p" zinazopuliza nikajitengenezea kwa waya wa hanga na soksi ndefu ya mama watoto. Ilikuwa ya kanisani. Tusiongelee.

Kumbe vifaa si tatizo. Kijana aliyenipa kazi kashikilia kipimo cha ACX, wale wa vitabu vya sauti kule Marekani: ukinyamaza, kelele za chumba zisivuke desibeli hasi 60, yaani karibu kimya kabisa. Kwa Mwanza ipi? Hapa mawe matupu. Redio ya jirani inagonga jiwe la nyuma ya nyumba, inanirudia mara ya pili. Nikinyamaza mimi, anaanza muuza dagaa. Akipita, bodaboda anapandisha kilima. Pakitulia, korongo wawili wanatua juu ya bati, na korongo hatembei kama ndege, anatembea kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Nikashauriwa trei za mayai. Nikazoa 40 kwa muuza chipsi, nikabandika kutwa nzima. Jamani, trei haizuii kelele! Inapunguza mwangwi, tena kiduchu. Ilichoniongezea mimi ni mende. Kinachosaidia ni kitu kizito na laini: godoro, blanketi, kabati lililoshiba nguo. Godoro ninalo moja. Sasa limesimama ukutani, mama watoto analala mkekani na salamu zangu haitikii.

Na maiki yenyewe ni ya kondensa, inanasa mpaka tumbo langu likidai ugali. Kwa nyumba ya kelele, afadhali ya dainamiki, isiyodaka sana sauti za mbali. Hilo niliambiwa nimeshalipa.

Basi nikahamia usiku. Saa 8, mtaa kimya, nimejifunika blanketi gubigubi na kitochi changu, nasoma kwa kunong'ona pale bibi kizee anapoita mizimu. Joto lake usiulize. Nilikuwa natoka humo kama sangara wa kubanikwa. Usiku wa tatu mlango ukagongwa. Mjumbe, na nyuma yake majirani wanne, mmoja kakumbatia Biblia.

"Shikamoo, mjumbe."

Hakuitikia. "Unaongea na nani usiku huu?"

"Nasoma kitabu, mzee."

"Chini ya blanketi?"

Nikamvisha hedifoni asikie mwenyewe. Nilimchagulia sura ya tano, ile niliyoiona safi kuliko zote, ambayo asubuhi yake nilikuwa naituma. Akasikiliza kakunja uso. Bibi kizee akaita mizimu, mjumbe akameza mate. Kisha ghafla meno yote nje.

"Eh! Huyu jogoo si wangu huyu!"

Akawavisha majirani mmoja mmoja, nao wakamtambua jogoo. Hata wa Biblia alimtambua. Walipoanza kutawanyika, mjumbe akanivuta pembeni, akashusha sauti:

"Sasa bwana mdogo, yeye analipwaje?"