TV ukutani, roho mkononi

Hivi nani alituambia TV lazima ikae ukutani?? Enzi za TV za chogo ilikuwa inawekwa juu ya kabati, inafunikwa kitambaa cha kufuma, na mwizi akitaka kuibeba lazima aje na wenzake. Sasa hivi unanunua flat skrini inchi 43, kilo kumi haifiki, na kila mgeni anayeingia kabla hata hajakaa anauliza "mbona hujaitundika?" utadhani umemkaribisha kwenye godauni.

Haya, tutundike. Dukani braketi, kile chuma cha kuishikia TV ukutani, unapewa fasta, inabeba inchi 32 mpaka 55, hela umetoa, kwaheri. Hakuna anayekuuliza ukuta wako wa nini. Fundi naye hakuulizi, yeye ana drili ya kuazima na fisha, zile plastiki za kushikia skrubu kwenye tundu, zimejaa mfuko wa shati, kwake ukuta ni ukuta.

Tofali za saruji kwa haki ndio nafuu kuliko zote. Drili ya nyundo, biti namba 8, fisha namba 8, tundu lipite lipu liingie kwenye tofali lenyewe, puliza vumbi lote, fisha igongwe kidogo ndio ikae. Ila hiyo ni tofali ya mtu mwenye hofu ya Mungu. Baba mwenye nyumba wangu sijui mfuko mmoja wa saruji alifyatulia tofali ngapi, maana biti ikigusa tu mchanga unamwagika mpaka kwenye ndala, tundu limeanza namba 8 sasa kidole gumba kinaingia. Fundi hata hakushtuka, akavunja njiti za kiberiti akazishindilia mle ndani, akakaza skrubu, "bosi hii haitoki hata kwa winchi". Nikaivuta kwa mkono mmoja ikaja yote, skrubu, fisha, njiti na kipande cha lipu juu!

Shemeji yangu ndio balaa, sebule kaigawa kwa jipsam. Ile bodi ni milimita 12 na nyuma yake ni hewa, ukigonga panalia puu puu hapo usitundike hata kalenda, unatafuta panapolia kugumu ndipo fremu ilipo, ya mbao au ya chuma, unalaza ubao ushike fremu mbili halafu braketi ndio inafungwa kwenye ubao. Yeye alipigiwa fisha za kawaida. TV ikakaa vizuri tu mpaka siku ya Simba na Yanga, goli likaingia, watu wakaruka, na yenyewe ikaruka.

Kwa shangazi Mji Mkongwe Unguja kuta ni nene karibu nusu mita, unasema hapa hata jenereta litaning'inia. Wapi, ni mawe ya matumbawe na chokaa, hapa biti inateleza kwenye jiwe, hatua mbili pembeni inazama yenyewe. Mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na binamu yangu anautoboa kwa ajili ya tamthilia za Kituruki. Shangazi akasema "mwanangu, weka mezani tukae kwa amani".

Nyumba ya fito na udongo sisemi, kule labda ufunge ubao kwenye nguzo zenyewe.

Na umeme jamani! Waya mara nyingi unapanda wima juu ya soketi na swichi, kwa hiyo hapo hapatobolewi. Nikamuuliza fundi waya umepita wapi, akanijibu "tutaujua tukiufikia". Nikamwondolea drili mkononi.

Mwisho ilikaa, juu karibu na dari, eti watoto wasifike, tunaangalia taarifa ya habari shingo nyuma. Jana baba mwenye nyumba kapita kuchukua kodi, kaangalia ukuta kimya kimya, kahesabu matundu kwa kidole, kisha akasema nikihama braketi inabaki, ni mali ya nyumba.