Poti Imetembea Kuliko Mimi

Watu husema kwamba kumwachisha mtoto pampasi ni kupunguza matumizi, na kwa hesabu ya mdomoni hawajakosea. Pampasi ya rejareja hapa mtaani Langoni, kisiwani Lamu, ni shilingi 25, watoto wangu ni mapacha, na kila mmoja wao ana bidii ya kazi hiyo mchana na usiku, kwa hiyo siku watakapoiacha baba yao atakula nyama. Wasilokwambia ni kwamba ili uache kununua pampasi, sharti kwanza ununue poti, chupi za akiba, mpira wa kufunika godoro na sabuni ya kufulia vyote hivyo, na vitu hivyo vikikusanywa pamoja, nyama yenyewe huonekana kuwa chakula cha maskini.

Nilianza na poti. Duka la kwanza halikuwa nayo. La pili lilikuwa nayo, lakini ilikuwa na kichwa cha bata, magurudumu na kitufe cha kuimba, na muuzaji akaniambia kwa adabu zote, “Mwalimu, hii ni shilingi 1,800, na nyimbo zake hubadilika.” Nikamweleza kwamba nyumbani kwangu watu wazima huenda msalani bila wimbo wowote na mambo yao hukamilika. Nikaomba ile ya kawaida, ya plastiki ya rangi moja, isiyojua kuimba wala kutembea. Akajibu kwamba hiyo hawaileti tena, kwa kuwa nauli yake ni sawa na ya yule bata na faida yake haionekani.

Nauli hiyo ni kisa kizima. Poti hupakiwa lorini Mombasa, hupita Malindi na Garsen, hushushwa Mokowe, hubebwa na hamali wa kwanza hadi botini, huvuka maji, hupokewa gatini na hamali wa pili, kisha hupandishwa juu ya punda au mkokoteni kwa sababu vichochoro vyetu havipitishi gari, na kila mkono unaoigusa huiachia shilingi zake. Zamani barabara ya kutoka Garsen ilipokuwa matope, tuliambiwa kwamba bei iko juu kwa ajili ya matope. Lami imewekwa, malori yanateleza, na bei haijateremka hata hatua moja. Ukitaja lami, muuzaji hutaja mafuta. Ukitaja mafuta, yeye hutaja dola. Na mpaka leo hakuna aliyeweza kunifahamisha dola ya Marekani inahusiana nini na haja ndogo ya mtoto wa Langoni.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipoleta pendekezo la ushuru wa mazingira ambao ungezigusa pampasi, duka letu lilipandisha bei kabla wabunge hawajapiga kura. Mwezi wa Juni vijana wakaingia barabarani, Rais akakataa kuutia mswada sahihi, ukaondolewa wote. Habari hizo zilifika Lamu siku ile ile kwa redio na kwa simu, ila kwenye rafu ya pampasi bado hazijafika.

Mpira wa godoro nao ni vivyo hivyo. Mama zetu walikuwa wakipasua mifuko ya plastiki ya dukani, wakaitandika chini ya shuka, na mtoto akakojoa apendavyo. Tangu Agosti 2017 mifuko hiyo ni marufuku, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 4, kiasi ambacho kingetosha kumnunulia kila kikojozi wa kisiwa hiki godoro jipya. Siilaumu sheria, maana punda wetu walikuwa wakiila mifuko hiyo na kuugua. Lakini nikiwa nimetaja punda, niseme pia kwamba hapa Lamu wana zahanati yao ya bure tangu mwaka 1987, hawavai kitu, hujisaidia hadharani mbele ya watalii, na hakuna anayewauzia bata mwenye kuimba.

Linaloniumiza hasa ni tahara, yaani usafi wa ibada. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na katika fikihi yetu mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili, na ambaye hajala chakula zaidi ya maziwa, hutosha kunyunyiziwa maji. Wangu wameivuka miaka miwili, na wanakula wali, samaki wa nazi na mahamri, tena mahamri ya baba yao. Kwa hiyo kila walipokojoa ni lazima paoshwe, na wao hawakojoi sakafuni penye saruji ambapo mtu angemwaga maji yakapita, bali huutafuta mkeka wa kuswalia kwa uhodari ambao ningependa wauoneshe katika kutafuta poti. Mji huu hupata maji yake kutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, nayo hufunguliwa kwa zamu. Mkeka hauijui zamu hiyo. Sabuni ya mche ambayo zamani ilimaliza wiki mbili, sasa ikifika Ijumaa imebaki kipande cha kutelezea.

Mama mkwe wangu haoni sababu ya gharama hizi. “Baba,” huniambia, “mtoto hufunzwa kwa miguu ya mamake.” Naye husema kweli: mama huketi chini, hunyoosha miguu, humweka mtoto katikati yake na kumtolea sauti ya “shuu” mpaka naye afanye. Watafiti waliokuja kwa Wadigo, kusini mwa pwani yetu, waliandika mwaka 1977 kwamba mafunzo hayo huanza mtoto akiwa na wiki chache tu, na akifika miezi mitano au sita huwa mkavu usiku na mchana. Ni njia isiyopita Mokowe. Tatizo ni kwamba hawa wawili sasa ni wazito kama magunia ya nazi, na bibi yao alipomjaribu mmoja miguuni, tulimwinua bibi kwanza kabla ya mtoto.

Choo chetu cha kuchuchumaa wamekikataa kwa hoja ya haki, kwamba tundu lile lilichimbwa kwa kipimo cha babu yao. Nikaenda kwa fundi seremala, nikamwomba kiti kidogo chenye tundu katikati. Mafundi wa Lamu hawajui kutengeneza kitu cha upuuzi. Aliniuliza ninataka mbao gani, kisha akaniuliza, bila kucheka, kama mbele kuwe na nakshi za maua au za mnyororo. Bei aliyoitaja ilikuwa ya mlango.

Wokovu ulitoka kwa fundi wa rangi, aliyekuwa na ndoo tupu za lita 4 zimejazana uani kwake. Moja aliniuzia kwa shilingi 50. Niliisugua rangi yote, nikaupiga msasa ukingo wake, nikauzungushia leso kuukuu ya mama watoto. Kijana wa kwanza aliikalia, akafanya kazi yake, akainuka kuitazama kwa fahari, na mwenzake akaitaka ya kwake papo hapo, kwa kuwa mapacha hawashirikiani jambo lolote isipokuwa mafua.

Niliporudi kwa fundi alikuwa amekwisha kusikia sifa za ndoo zake. “Mwalimu,” akasema, “sasa ni 150, na yenye kifuniko ni 200.” Nikamwonyesha ndoo zile zile, mahali pale pale, zikiwa bado na vumbi lile lile, nikamuuliza ni kitu gani kilichopanda. Akaweka brashi chini, akavuta pumzi, akaanza kunieleza nauli ya kutoka Mombasa.