Chubwi la ami yangu

Mshipi wa kuvulia wa ami yangu una chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, lisilouzwa dukani. Ni ganda la risasi aliloliokota ufuoni upande wa Kiunga, akalijaza risasi iliyoyeyushwa, akatoboa tundu la kupitisha uzi. Risasi ndani ya ganda la risasi. Kiswahili nacho kina mzaha wake. Ukiligeuza ukasugua chumvi kwa kidole, utaona namba mbili zimegongwa kwenye tako lake. Moja ni ya kiwanda. Ya pili ni 75, yaani mwaka. Ganda hili ni kubwa kwangu kwa umri, na limetembea kunishinda. Kwa njia gani, kwa idhini ya nani, hakuna wa kutueleza.

Ami mwenyewe hawezi kutembea hivyo. Akitoka Amu, yaani Lamu, kwenda kuvua hubeba kitambulisho, kadi ya uvuvi na leseni ya chombo, zote kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo la maziwa. Kuna siku walisimamishwa na askari wa doria, wakamwagiwa barafu yote sitahani wakaguliwe samaki. Ndimu zilihesabiwa. Kisu cha chambo kilizua maswali ya nusu saa. Tangu wageni walipotekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, na zaidi baada ya Mpeketoni, Juni 2014, ambako watu zaidi ya 60 waliuawa, bahari ya usiku imekuwa kitu cha kuombea ruhusa. Na jarife ni nyavu ya usiku. Anayetega jarife mchana hatafuti samaki, anatafuta kisingizio cha kutorudi nyumbani.

Sisemi doria iondoke. Nimesoma na watoto wa Mpeketoni, sina ubishi na mtu anayetaka kulala kwake salama. Ninachouliza ni kwa nini ukaguzi wote umerundikwa huku kwetu, mwisho wa safari ya silaha, wakati mwanzo wa safari una mlango wazi. Hata boriti za mikoko haziondoki hapa bila kibali. Mti wa tope una karatasi, bunduki haina.

Na safari zenyewe si siri. Februari 2016 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi la uvuvi nje ya pwani ya Oman, chombo kisicho na bendera ya nchi yoyote, kilichodhaniwa kuelekea Somalia. Chini ya nyavu zilikutwa bunduki 1,989 za aina ya AK-47 na mizinga 100 ya kurushia roketi. Chini ya nyavu! Ndiyo maana ami humwagiwa barafu. Bunduki hizo hazikuota baharini. Zilitoka kiwandani zikiwa halali, na namba zimegongwa, zikapita mkono wa serikali fulani iliyotia sahihi, kisha mahali fulani zikapotea njia. Nyingine hupotea karibu zaidi na nyumbani. Kambi ya jeshi letu kule El Adde, Somalia, ilipovamiwa Januari 2016, Al-Shabaab waliondoka na silaha zilizonunuliwa kihalali kabisa, kwa kodi yetu.

Hata hivyo, mtu akinitajia “udhibiti wa kimataifa wa silaha” siko mbio kushangilia. Pwani hii imeshaonja udhibiti huo. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels, yakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Amu imo humo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sina haja ya kuitetea biashara ile, babu zetu wengine walikuwa ndani yake hadi shingoni. Lakini Oktoba mwaka huohuo, hata miezi minne haijatimia, Waingereza walishuka na wanamaji wao chini ya Admirali Fremantle, wakaenda Witu, jirani zetu wa bara, wakauchoma mji, kulipiza kisasi cha Wajerumani waliouawa kule. Mkataba ulimfunga mikono mnunuzi wa huku. Mwenye kiwanda ulimwacha na mikono yake miwili.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: mkataba unamshika nani? Mkataba wa Biashara ya Silaha uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013 angalau unamwelekea muuzaji. Kifungu cha 6 kinamkataza kuuza akijua silaha zitatumika kwa mauaji ya kimbari au kushambulia raia. Cha 7 kinamtaka apime hatari kabla ya kutoa kibali, cha 11 kinamtaka azuie silaha zisichepuke njiani. Haki ya nchi kujilinda haikuguswa.

Na jambo linaloniuma ni kwamba sisi ni wazazi wa mkataba huu. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa moja ya nchi saba zilizopeleka hoja hiyo Umoja wa Mataifa, pamoja na Uingereza, Japani, Finland, Australia, Argentina na Costa Rica. Kampeni ya kukusanya nyuso milioni moja za watu wanaotaka mkataba ilifungwa na uso wa Mkenya, mwanariadha Julius Arile wa Pokot Magharibi, na ndiye aliyemkabidhi kazi hiyo Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo. Ulipofunguliwa kwa sahihi tarehe 3 Juni 2013, nchi 67 zilitia sahihi siku hiyohiyo. Kenya haikuwemo. Tumezaa, tumesherehekea arobaini, mtoto tumemwacha mlangoni kwa watu.

Najua jibu la barazani: mhalifu hasomi mkataba. Kweli, hasomi. Anayesoma ni karani wa bandari, mwenye bima ya meli, benki inayopitisha malipo. Hao wakikaza, jahazi litajazwa nini? Wengine husema wakubwa wenyewe wamekimbia, na hapo wana haki kidogo: Marekani ilitia sahihi 2013, na mwaka 2019 Trump akatangaza kuiondoa. Lakini China ilijiunga 2020. Mbona sisi tusubiri wakubwa wamalize kununiana?

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Tumeandika la kwetu, Kenya ijiunge na mkataba, tukaweka meza Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, karibu na muuza kahawa. Siku ya kwanza tulipata sahihi 41, tatu zikiwa za watu waliodhani tunaandikisha mbolea.

Ami alikuja baada ya alasiri. Alisoma karatasi yote, polepole, miwani ikiwa ncha ya pua, kisha akatoa lile chubwi mfukoni akaliweka juu yake.

“Hili limo?”

Nikamwambia limo, kifungu cha 3 cha mkataba kinataja risasi.

“Wakiuza wataandika wameuza ngapi?”

Hapo nikakwama. Mkataba unazibana risasi kwa vifungu vya 6 na 7 pekee. Kumbukumbu za mauzo na taarifa ya kila mwaka ni za bunduki na mizinga, risasi hazilazimishwi.

“Basi yeo mwanitaka nitie sahihi bunduki iandikwe, na kinachouwa kisiandikwe.” Akalichukua chubwi lake. “Ongezani hilo, kisha mniite.”

Tumeongeza aya: Kenya iridhie, na ikishaingia idai risasi nazo ziwekewe kumbukumbu. Karatasi mpya ziko mezani tangu Jumatatu. Ami yuko baharini, upepo ukimruhusu atarudi keshokutwa.