Feda moja kwa vina arobaini

Kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, anayerekodi taarabu na kaswida katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yake, aliniletea swali wiki iliyopita. Amedunduliza pesa na anataka kontrola ya kumiksia, yaani ya kupanga ukubwa wa sauti alizorekodi. Mafundi wawili anaowaheshimu wamemvuta huku na huku. Wa kwanza kamwambia achukue yenye feda nane, vile vidude vya kuteleza juu na chini, zenye mota ya kuzisogeza zenyewe, kwa sababu mtu anayemiksi lazima awe na meza ya kumiksia mbele yake. Wa pili kamwambia asinunue chochote, kipanya kinafanya yote. Wote wawili wana hoja na nitazieleza. Lakini alipogusia kwamba ameona pia kifaa chenye feda moja tu, alikitaja haraka haraka, kama mtu anayeona haya, akasema hicho ni cha watoto. Nikaona hapo ndipo pa kuandikia.

Kwanza tuweke sawa jambo ambalo madukani huchanganywa kila siku. Kontrola si mixa. Kwa kawaida sauti haipiti ndani yake kabisa. Inapeleka taarifa tu kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kwamba feda imefika mahali fulani, na programu ndiyo inayopandisha au kushusha. Anayeinunua akitegemea kwenda nayo shughulini apigie spika za ukumbini ametupa pesa.

Hoja ya kipanya ni nzito kuliko wapenda vifaa wanavyokubali. Kipanya unacho tayari. Ukitaka treki, yaani sauti moja iliyorekodiwa peke yake, ishuke hadi desibeli −3.5 unaandika −3.5, na inakuwa hivyo hivyo leo na kesho. Unaona wimbi la sauti kwenye skrini, unakata pale mwimbaji alipovuta pumzi, unakishusha kipande hicho peke yake. Reaper, programu ya kurekodia na kumiksia ya leseni ya dola 60, inafanya haya yote. Na ambaye angemwambia kijana anunue spika kwanza asingekosea: chumba kikivuma besi kwenye kona, hakuna feda itakayokuonyesha kosa lako. Ila spika nzuri anazo, na godoro kuukuu kalisimamisha ukutani.

Hoja ya feda nane nayo ina asili ya heshima. Zamani za tepu, wimbo ulipokuwa unateremshwa kwenye stereo watu watatu au wanne waliweka mikono mezani, kila mmoja na feda zake, na mmoja akikosea mnaanza upya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Neve, watengenezaji wa meza hizo, ilitoa NECAM, mfumo ambao kompyuta ilikumbuka mwendo wa feda na mota zikazisogeza zenyewe. Mwaka 1997 kampuni ya Mackie ikaleta kontrola iitwayo HUI, na studio ndogo nazo zikapata feda za mota za kuongoza programu. Baadaye ikaja Mackie Control, na lugha yake ya kuzungumza na kompyuta ndiyo ambayo programu za kumiksia kama Cubase, Logic na Reaper huielewa hadi leo. Programu ya Pro Tools ilibaki na HUI kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayenunua leo Behringer X-Touch, yenye feda nane na ya tisa ya jumla, anarithi kitu cha kweli. Uwiano unausikia mikononi. Fidla, akodiani, kinanda, gitaa, besi, dumbaki, rika (lile tari dogo) na mwimbaji: hao wanane, kila mmoja na feda yake, unawapanga kama unavyopanga watu kwenye jamvi. Kwaya ya sauti nne ndiyo zaidi, mkono wa kushoto unashusha besi huku wa kulia unainua soprano, na kipanya hakiwezi hilo hata kidogo.

Lakini hebu tufungue kazi za kijana huyu. Fidla imerudiwa mara tatu. Kiitikio kina wanawake sita, na baadhi yao wamerekodiwa mara mbili. Dumbaki ina maiki mbili. Jumla ni treki 37. Feda nane mbele ya treki 37 ni dirisha tu, utabonyeza kitufe kuhama kutoka kundi hadi kundi, makundi matano, na mwimbaji atakuwa kundi la nne wakati besi iko la kwanza. Ule uwiano wa mikononi uliomfanya aitamani hataupata, mpaka akusanye treki zake kwanza, zile za aina moja ziongozwe kwa feda moja, na hiyo ni kazi anayopaswa kuifanya hata akiwa na kipanya.

Sasa nije kwenye lililoniweka macho.

Tanga hii ndiyo ya Black Star na Lucky Star, taarabu ya kundi dogo lenye gitaa na besi, ambako Shakila aliimba, na ukisikiliza rekodi zile neno lipo mbele. Taarabu ni neno. Mtu hasikilizi ili ajue fidla imepigwaje, anasikiliza ajue nani kasemwa. Chukua mstari wa kawaida wa mizani kumi na sita:

Nilipanda mti wangu, kivuli kikawa chake.

Mizani nane, kisha nane. Kina cha kati ni "ngu", cha mwisho ni "ke". Na Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: waNGU hatusemi, tunasema WAngu, tunasema CHAke. Maana yake ni kwamba kina, mahali shairi lilipofungwa, kinakaa kwenye silabi iliyo dhaifu kuliko zote, mwisho wa pumzi, sauti inapozama. Likizama "ke" chini ya akodiani, msikilizaji anabaki na "cha". Chake? Chako? Chao? Kama ni chake, mwimbaji anamsema mtu wa mbali. Kama ni chako, anakusema wewe uliyekaa kiti cha mbele. Silabi moja, na fumbo zima limekufa.

Hesabu basi. Ubeti mmoja una mistari minne, kila mstari vina viwili, jumla vinane. Wimbo wa beti tano una vina arobaini. Kuinua kina kimoja kwa kipanya unahitaji alama nne kwenye mstari wa otomesheni, ule unaoiambia programu lini ipandishe sauti na lini ishushe: pa kuanzia kupanda, pa kufikia, pa kuanzia kushuka, pa kurudi. Hizo ni alama 160. Mwimbaji akirudia kila mstari mara mbili, kama ilivyo desturi, vina ni 80 na alama 320, kwa treki moja tu ya sauti, kabla hujagusa kiitikio. Ukipewa dakika moja kwa kila kina, kusikiliza na kuchora na kusikiliza tena, umekaa saa moja na dakika ishirini ukitazama milima ya wimbi. Kwa feda, wimbo wa dakika nane unaupitia kwa dakika nane, kidole juu, unainua kidogo kila sauti inapoanza kuzama. Ukipitia mara mbili, kumi na sita.

Najua jibu la mtu wa kipanya: mwenye subira atafika pale pale. Ni kweli, atafika. Ila nimesikiliza kazi nyingi za studio za nyumbani hapa mjini, na zina alama moja inayojirudia. Ubeti wa kwanza umeshughulikiwa, kila neno linatoka. Wa pili nusu. Kufika wa nne mtu amechoka, kamwachia kompresa, kile kifaa cha ndani ya programu kinachosawazisha ukubwa wa sauti chenyewe. Na kompresa haijui kina ni nini. Inapima ukubwa wa sauti tu. Ukiikaza mpaka "ke" isikike, inainua pamoja nayo pumzi, feni na pikipiki iliyopita barabarani, kwa sababu vyote viko chini kama "ke" ilivyo chini. Anayejua kwamba kina kinakuja ni mtu anayejua shairi, na anajua kabla hakijafika. Mkono wake unatangulia.

Mkono huo ni mmoja, na sauti anayoifuata ni moja. Programu inakumbuka zile 36 zilizobaki. Meza kubwa za zamani zilikuwa na feda nyingi kwa kuwa sauti nyingi zilipita ndani yake na kila moja ilihitaji pa kushikiwa, na mwanzoni hazikuwa na kumbukumbu. Nyumbani leo kumbukumbu tunayo, tulichopoteza ni kidole. Kifaa cha feda moja kama PreSonus FaderPort au X-Touch One kinarudisha kidole: unachagua treki, mota inaipeleka feda ilipo treki hiyo, unaanza kazi. Mwenye kukiita cha watoto anahesabu feda. Mimi nahesabu vidole vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja katika wimbo wa mwimbaji mmoja.

Mota hapo si pambo. Tuseme ni kontrola ndogo ya feda nane zisizo na mota, mfano Korg nanoKONTROL2. Ni nyepesi, bei yake ya chini, inafaa sana kwa kucheza na sauti za kinanda. Lakini ukirudi kurekebisha mwendo uliokwisha kuurekodi, feda iko chini wakati treki iko juu. Ukiigusa, sauti inaruka, au inakubidi uitafute kwa kuisogeza mpaka ikutane na thamani iliyoachwa. Na kurekebisha ndiyo kazi yenyewe, hakuna anayepata mara ya kwanza. Kisha kuna suala la ngazi. Ujumbe wa kawaida wa MIDI, ule uliowekwa mwaka 1983, una thamani 128. Kwa mfano tu, ukizigawa sawasawa kutoka −60 hadi +6, kila hatua ni kama nusu desibeli. Feda nyingi za mota husoma ngazi 1,024, na kwa mgawo huo huo hatua inakuwa chini ya sehemu ya kumi ya desibeli. Unapoinua "ke" kwa desibeli mbili tu, tofauti kati ya ngazi nne na ngazi thelathini sikio linaipata. Ndiyo maana feda nane za bei ndogo naziweka nyuma ya kipanya kwa kazi hii.

Na tuko pwani. Upepo wa bahari una chumvi, masika yana unyevu wa kutosha kuotesha ukungu kwenye ngozi ya ngoma, na feda ni njia iliyo wazi kwa juu, mkono unateleza ndani yake, vumbi linaingia. Kulinda moja kwa kuifunika kitambaa kila jioni ni rahisi kuliko kulinda tisa. Inayokufa kwanza kati ya tisa itakusumbua kila unapohama kundi. Tena kontrola nyingi zenye mota hutaka umeme wake mbali na wa USB. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri na kontrola imelala. Feda hizi pia hutambua kidole kwa umeme wa mwili wa mtu, na nyumba isiyo na ethi nzuri, yaani waya wa umeme wa kwenda ardhini, huweza kuzifanya ziyumbe. Hilo la ethi linazihusu zote, moja hata nane, nami sitalificha. Wala sitaficha kwamba mota hutoa kelele, na anayerekodi na kumiksi chumba kimoja azizime mwimbaji anapokuwa kwenye maiki.

Nani basi achukue nane? Anayerekodi kwaya au bendi nzima kwa pamoja, mwenye treki nane hadi kumi na sita zisizozidi, na anayefundisha wenzake, maana kuona feda nane zikisogea kunafundisha haraka. Huyo namuunga mkono bila kusita. Nani abaki na kipanya? Anayetengeneza biti zake mwenyewe ndani ya kompyuta, ambapo kila sauti tayari iko sawa tangu ilipochaguliwa. Na yeyote anunuaye aulize dukani kama kifaa kinazungumza Mackie Control au HUI, na kama programu yake inakielewa. Muuzaji akishindwa kujibu, asilipe siku hiyo.

Kwa kijana nilifanya jambo moja. Nilimpelekea feda yangu, tukaiunganisha, tukaweka otomesheni kwenye hali ya kugusa, ambayo mwendo huandikwa kidole kikiwa juu ya feda tu. Nikamwomba azime skrini. Alikataa kwanza, kisha akazima. Akaanza. Ubeti wa kwanza mkono ulichelewa, alikuwa anainua baada ya neno kupita. Wa pili akaanza kuimba kimoyomoyo, midomo ikicheza, na mkono ukatangulia. Kwenye wa tatu alipitwa na kina kimoja, "chake" ikazama. Akarudi nyuma mstari mmoja, akagusa, akakiinua, akaiachia feda, nayo ikarudi yenyewe mahali pake, wimbo unaendelea.